Haneti na Mawe Yake: Habari za Vijiji vya Machimbo katika Nchi ya Kati

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya Haneti, mahali ambapo wengi wenu hamjapata kufika, na juu ya jambo linalovipata vijiji vyote vyenye mali chini ya ardhi. Jambo lenyewe ni hili: shamba lina msimu, bali jiwe halina msimu. Mtama ukivunwa mwaka huu, mwakani hupandwa tena. Jiwe likisha kutolewa shimoni, hapana mvua itakayoliotesha mara ya pili. Kwa hiyo twataka kuvitazama vijiji vilivyotangulia kupata mali ya namna hiyo, na kuuliza ni kitu gani kilichowabakia wenyeji baada ya mali kuondoka.

Haneti iko kaskazini ya mji wa Dodoma, katika Wilaya ya Chamwino, ambayo ilitengwa na wilaya ya Dodoma Vijijini mwaka 2007. Ni nchi ya Wagogo na jirani zao, nchi ya mibuyu na miiba. Mvua ya Dodoma kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha baina ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni kiangazi kitupu. Kwa sababu hiyo watu hulima uwele na mtama, ambayo ni mazao ya kuvumilia jua, na hufuga ng'ombe na mbuzi. Zamani walikaa katika tembe, nyumba za miti na udongo zenye paa la bapa. Kiangazi kikishika, huteremka korongoni na kuchimba mchanga mpaka wayaone maji. Kisima hicho hufukiwa na mafuriko ya masika, na mwaka wa pili huchimbwa tena pale pale. Twaomba mkikumbuke kisima hicho. Ndiyo machimbo ya kwanza ya nchi hii, na ndiyo machimbo ya pekee yanayojijaza yenyewe.

Sasa tuje kwenye jiwe. Baina ya Haneti na Itiso na kuendelea mbele pana ukanda wa vilima wenye urefu wa kiasi cha kilometa 80, ambao mwamba wake ni mzito, wenye rangi ya weusi na ukijani. Mwamba huo ulitoka chini sana ya ardhi katika zama za kale mno, nao una madini ya nikeli ndani yake. Mvua na jua vikiupiga kwa malaki ya miaka, mwamba huoza, na nikeli huachana nao. Maji yapitayo katika nyufa huichukua nikeli hiyo pamoja na silika, ambayo ndiyo asili ya mchanga mweupe na ya gumegume. Humo katika nyufa vitu hivyo viwili huganda pole pole, na hapo huzaliwa jiwe la kijani kama tofaa bichi, liitwalo krisoprezi. Pasipo nikeli lingalikuwa jiwe jeupe tu, ambalo hapana mtu angaliinama kuliokota.

Jiwe hili la Haneti lilipata kujulikana kwa wafanya biashara katika miaka ya 1980. Tangu hapo limechimbwa mara kwa nguvu, mara kwa kimya, kadiri wanunuzi walivyokuja na kuondoka. Hata nikeli yenyewe imetafutwa. Makampuni ya kigeni yametoboa mashimo ya kupimia katika kilima cha Mihanza, ili kujua kama chini mna madini ya kutosha. Lakini kutafuta si kuchimba, wala kuchimba si kutajirika.

Wenye kulichimba jiwe hili wakumbuke tabia yake moja. Rangi yake yaweza kufifia kwa jua kali na kwa joto. Basi mchimbaji anayeyaanika mawe yake juani kutwa ili wanunuzi wayaone vema, huenda anaipunguza bei kwa mkono wake mwenyewe. Afadhali kuyaweka kivulini, mahali penye unyevu.

Haneti si mahali pa kwanza duniani kulitoa jiwe hili. Ndugu yake mkubwa yuko Silesia, nchi iliyokuwa ya Wadachi na ambayo leo ni ya Poland. Krisoprezi ya huko ilipendwa sana katika karne ya 18 na Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia, aliyefariki mwaka 1786, naye akapambia vitu vya jumba lake huko Potsdam. Katika Silesia kuna kijiji kidogo kiitwacho Szklary. Vilima vyake ni vya mwamba wa namna ile ile ya Haneti: juu jiwe la kijani, chini nikeli. Mwishoni mwa karne ya 19 wakaanza kuichimba nikeli, wakajenga na kinu cha kuiyeyusha. Kazi hiyo ilisimama, ikarudi, ikasimama tena, hata katika miaka ya 1980 ikafungwa kabisa. Leo hapana moshi wa kinu. Wageni huingia katika mapango ya machimbo na kutazama mishipa ya mawe iliyobaki ukutani. Wafalme wamekwisha, na viwanda vimefungwa; kijiji kipo, nacho huishi kwa mambo mengine. Hiyo ndiyo njia ambayo machimbo yote huipita, makubwa kwa madogo.

Lakini kwa nini twende mbali? Katika nchi yetu hii ya kati, magharibi ya Haneti, kuna machimbo ya zamani kuliko yote makubwa ya dhahabu katika Tanganyika. Jina lake ni Sekenke. Iko katika nchi ya Wanyiramba, mkoa wa Singida, mahali ambapo uwanda wa juu hukatika ghafula na kuteremkia mbuga ya Wembere. Madereva wa malori wanaujua mlima huo kwa mteremko wake, ambao uliogopwa miaka mingi kabla barabara haijatiwa lami. Dhahabu ya Sekenke ilionekana wakati wa utawala wa Wadachi, na kazi ya kuichimba ikaanza mwaka 1909. Wakati ule reli ya kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilikuwa haijafika Dodoma. Ilifika mwaka 1910, na Tabora mwaka 1912.

Dhahabu ya Sekenke si ile ya kuokotwa mtoni kama kokoto. Imo ndani ya mshipa wa jiwe jeupe lililo gumu, nao mshipa huteremka chini ya ardhi kwa kulala upande. Watu huufuata kwa shimo, huupasua, huupandisha juu, kisha jiwe husagwa mpaka liwe unga, ndipo dhahabu itolewe katika unga huo kwa dawa. Kazi ya namna hii yahitaji maji, kuni, chakula, na mikono mingi. Hivyo mahali palipokuwa pori pakageuka kijiji, na watu wakaja kutafuta mshahara, kwani kodi ilitakiwa kulipwa kwa fedha.

Mwaka 1914 vita vikatokea. Manowari za Kiingereza zikaizuia pwani, na Wadachi wakapungukiwa na fedha za kuwalipa askari na kununulia vyakula. Mwaka 1916 wakaanza kupiga sarafu zao wenyewe mjini Tabora. Nyingine zilikuwa za shaba nyeupe na nyekundu, na moja ilikuwa ya dhahabu, ya thamani ya rupia 15. Upande mmoja palichorwa tai wa Udachi, na upande wa pili tembo aliyeinua mkonga wake, na milima nyuma yake. Chini palitiwa herufi T, alama ya Tabora. Dhahabu ya sarafu hizo ilitoka Sekenke. Zilipigwa kiasi cha 16,000, na kabla mwaka haujaisha, tarehe 19 Septemba 1916, Wabelgiji wakaingia Tabora.

Sarafu hizo zipo hata leo. Zimo katika majumba ya makumbusho na katika visanduku vya matajiri, nazo huuzwa minadani Ulaya na Marekani kwa maelfu ya dola. Lakini twaomba mfikiri juu ya yale yaliyokuwa yakitendeka Ugogo katika miaka ile ile. Majeshi yalipita, kwanza ya Wadachi, kisha ya Waingereza. Nafaka ilichukuliwa maghalani, ng'ombe wakaswagwa, vijana wakatwaliwa kuwa wapagazi. Mashamba yakakosa watu wa kuyalima, kisha mvua ikakosekana. Matokeo yake yalikuwa njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Watu waliokufa katika Ugogo walikisiwa kuwa 30,000. Wako wazee waliosimulia kwamba watu walikula ngozi na mizizi ya porini, na kwamba watoto walitolewa kwa jirani ili wapate kuishi.

Twayataja haya mawili pamoja kwa makusudi. Katika miaka michache, ndani ya nchi moja ya kati, ilitoka dhahabu ya kupigia maelfu ya sarafu, na kwa upande wa pili watu wakafa kwa kukosa kibaba cha uwele. Dhahabu haikuliwa. Mali iliyotoka katika ardhi haikurudi kuwa ghala, wala kisima, wala mbegu. Ilipita tu, kama gari la moshi lipitavyo kituo kidogo usiku.

Baada ya vita, chini ya utawala wa Waingereza, Sekenke ilifufuka. Mwaka 1931 Uingereza iliacha kufunga fedha yake na dhahabu, na mwaka 1934 Marekani ikapandisha bei ya dhahabu kutoka dola 20 na senti 67 kwa wakia mpaka dola 35. Ndipo watu wakaifuata dhahabu kila mahali katika Tanganyika: Lupa, Geita, Musoma, na nchi ya Wanyiramba. Lakini bei ile ya dola 35 ilikaa pale pale miaka mingi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili gharama za mashine, mafuta na mishahara zilizidi kupanda, na bei ya dhahabu haikupanda pamoja nazo. Tena shimo likizidi kwenda chini, kila pauni ya jiwe hutolewa kwa taabu zaidi. Basi machimbo mengi yakafungwa moja baada ya jingine, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 kazi kubwa ya Sekenke ilikuwa imekwisha.

Wasikilizaji, sikilizeni vizuri sababu hiyo. Dhahabu ilikuwa haijaisha ardhini. Bei iliyokatwa mbali, na watu wasioijua hata njia ya kwenda Iramba, ndiyo iliyoifunga Sekenke. Miaka mingi baadaye, bei ilipopanda tena, wachimbaji wadogo walirudi katika mashimo yale ya zamani na jirani yake huko Shelui, na sururu zao mkononi. Hivyo kijiji cha machimbo chaweza kufa na kufufuka kwa neno lililosemwa ng'ambo ya bahari. Mkulima wa Ugogo hutazama mawingu; mchimbaji hutazama mawingu asiyoweza kuyaona.

Mfano wa tatu ni wa karibu zaidi, katika mkoa huu huu wa Dodoma. Mwishoni mwa mwaka 2007 yakuti yalionekana huko Winza, katika Wilaya ya Mpwapwa, yaani yale mawe mekundu ya thamani ambayo wachimbaji huyaita rubi. Mwaka 2008 maelfu ya watu wakafurika, na wanunuzi wakaja kutoka nchi za mbali za Asia. Mawe machache yalikuwa safi ajabu, nayo yakasifiwa katika maonyesho makubwa ya vito ya Ulaya mwaka ule ule. Na kama ilivyo desturi ya machimbo, kijiji kilibadilika kwa siku chache: maturubai yakawa nyumba, na wauza chakula na madalali wakajaa njiani. Lakini mawe mazuri yalikuwa haba, na baada ya mwaka mmoja au miwili ule umati ukatawanyika. Sekenke ilichukua miaka 50 kuinuka na kuanguka. Winza haikuchukua hata miaka mitano.

Basi, watu wa Haneti, na ninyi nyote mnaokaa juu ya mawe, twajifunza nini katika habari hizi?

Kwanza, ijueni sheria. Wako watu wanaodhani kwamba jiwe lililo chini ya shamba lao ni lao. Sivyo. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010 madini yote ni mali ya umma, nayo huchimbwa kwa leseni. Lakini sheria hiyo hiyo imewawekea wananchi mlango wao: leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa Watanzania. Mwenye leseni naye hana ruhusa ya kuchimba karibu na nyumba inayokaliwa, wala katika shamba lililolimwa, mpaka mwenyeji akubali, na mwenyeji ana haki ya fidia. Asiyeyajua haya hutia kidole gumba katika karatasi asiyoifahamu, kisha hujuta.

Pili, yajueni mapato. Makampuni hulipa ushuru wa huduma kwa halmashauri ya wilaya, nao hukadiriwa kwa mauzo yao. Tena tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2017, mwenye machimbo hutakiwa kila mwaka kufanya mpango wa kuisaidia jamii iliyo jirani, na mpango huo upatane na serikali ya mahali pale. Fedha hizi hazifiki kijijini kwa miguu yao, huulizwa. Mkutano mkuu wa kijiji ndiyo baraza kubwa la kijiji kwa sheria ya mwaka 1982, na kila mtu mzima mkazi wa kijiji ana haki ya kuinuka humo na kuuliza: kimelipwa nini, kimetumika wapi? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, jifunzeni kazi ya jiwe. Krisoprezi iliyo ghafi huuzwa kwa uzito, pamoja na udongo wake. Ikichongwa na kung'arishwa huuzwa kwa uzuri wake, nayo faida kubwa hubaki kwa aliyeichonga. Kwa muda mrefu faida hiyo imebaki Ulaya na Asia. Lakini Arusha kuna Kituo cha Jemolojia, kilichoanzishwa mwaka 2003, ambapo vijana hufundishwa kuyatambua na kuyachonga mawe. Na tangu mwaka 2019 yamefunguliwa masoko ya madini mikoani, ili mchimbaji asiuze gizani kwa mtu wa kwanza aliyeshuka garini. Ujuzi ni mali ambayo haifungwi na bei ya dunia. Machimbo ya Haneti yakinyamaza, mchongaji aweza kuchonga mawe ya mahali pengine.

Nne, msiache mashimo wazi. Shimo la mchimbaji aliyekwenda zake humvunja ng'ombe mguu, humeza mtoto, na wakati wa masika hukata udongo mpaka likawa korongo. Sharti kuyafukia liwekwe kabla ya kazi kuanza, wakati mchimbaji bado anahitaji kibali cha wenyeji. Akisha kuondoka, hapana atakayemrudisha.

Tano, nalo ndilo kubwa kuliko yote, kigeuzeni kisicho na msimu kiwe chenye msimu. Fedha ya jiwe ikitumika kwa pombe na nguo za siku moja, imekwenda na jiwe lake. Ikitumika kuchimba kisima kirefu, kujenga lambo la kunyweshea mifugo, kununua mbegu za alizeti, kujaza ghala la kijiji kwa ajili ya mwaka wa ukame, au kumsomesha mtoto, itazaa kila mwaka. Kijiji chenye maji na ghala kingeweza kuisikia habari ya kufungwa kwa machimbo kama mtu asikiavyo kwamba mgeni wake anaondoka. Humsindikiza, kisha hurudi nyumbani, na nyumbani mna chakula.

Hatusemi kwamba jiwe ni bahati mbaya. Yamkini nikeli ya Haneti itachimbwa siku moja kwa mashine kubwa, maana dunia ya leo yaitaka sana kwa ajili ya betri za motokaa za umeme. Yamkini pia haitachimbwa kamwe, kwa sababu ya hesabu zitakazofanywa na watu wa mbali. Kwa hali zote mbili, mvua itanyesha Desemba au itachelewa, na watu watateremka korongoni kutafuta maji kama walivyoteremka babu zao. Kijiji kinachoujua ukweli huo hulipokea jiwe kwa mikono miwili, lakini hakiegemei juu yake kwa uzito wote.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo kwa leo. Wazee wenye kukumbuka habari za machimbo ya kwao na wawahadithie vijana kabla hazijasahauliwa, maana habari za namna hii zina faida zaidi kwa kijiji kinachoanza kuchimba kuliko kwa kile kilichokwisha.